Dirisha Ndilo Linalochagua Rangi

Jumamosi asubuhi, hadiwea za mjini Thika hupokea watu wa aina mbili. Kuna fundi aliyekuja kuchukua saruji, msasa na misumari. Huyo anajua anachotaka na ana haraka. Halafu kuna mwenye nyumba aliyesimama kaunta na kadi ya rangi mkononi, akiigeuza huku na kule, muuzaji akimsubiri. "Mama, ni hii krimu ama ile ya hapo chini?" Krimu ziko sita au saba kwenye kadi, kila moja ikiwa na ukubwa wa stempu, na chini ya taa nyeupe za duka zote zinafanana. Mwishowe anaonyesha moja kwa kidole, mashine inaidondoshea lita 4 za rangi ya msingi matone yake, mkebe unatikiswa, unafungwa, unabebwa nyumbani. Jumapili jioni sebule ina manjano ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mashine haikukosea, na fundi hakukosea. Kadi ilisomwa kwa mwanga wa dukani, ukuta ukasomwa kwa mwanga wa saa kumi na moja jioni. Kilichomo mkebeni ni unga laini uliochanganywa na gundi na maji. Unga huo humeza sehemu ya mwanga unaoupiga na kurudisha iliyobaki. Jicho linapata kilichorudishwa tu. Mwanga ukibadilika, rangi inabadilika hata kama ukuta haujaguswa. Ndiyo maana anayetaka kupamba upya chumba, awe Ngoingwa, Makongeni au Membley, anafaa kuanzia dirishani kabla hajaenda dukani.

Hapa ndipo ushauri mwingi unaosambaa kwenye majarida na video za nje unapompotosha msomaji wa Kenya. Wapambaji wa Uingereza hurudia kanuni moja: chumba kinachotazama kaskazini ni baridi na hafifu, kwa hiyo kipewe rangi zenye joto. Kwao ni kweli. London iko zaidi ya nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta, na dirisha la kaskazini huko hupata jua la moja kwa moja kidogo sana. Thika iko takriban nyuzi moja kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huhamia kusini. Na hata mwezi Juni, linapokuwa mbali zaidi, adhuhuri huwa limeinama nyuzi 24 hivi tu kutoka utosini, juu kiasi kwamba ukingo wa kawaida wa paa hulizuia lisiingie ndani sana.

Kwa hiyo kaskazini na kusini hazina uzito mkubwa huku. Kinachotenganisha chumba na chumba ni mashariki na magharibi.

Chumba cha kulala chenye dirisha la mashariki hupigwa na jua tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanga huo unaingia ukiwa umelala, una umanjano, na unafika hadi ukuta wa nyuma. Ikifika saa sita umeondoka, na chumba kinabaki na mwanga wa anga tu, ambao una ubuluu. Rangi ya samawati iliyopakwa humo hupendeza asubuhi kwa sababu jua linaipasha. Alasiri huonekana imepoa. Kwa anayeamka na kuondoka mapema kwenda kazini Nairobi, alasiri hiyo haimhusu. Kwa mama mwenye mtoto mchanga anayeshinda chumbani humo, inamhusu sana. Swali la kwanza basi si rangi ipi nzuri. Ni nani anakaa chumbani, na saa ngapi.

Sebule ya magharibi ndiyo yenye mitego. Kuanzia saa kumi jioni jua huingia likizidi kuelekea rangi ya chungwa, na ndio wakati watoto wametoka shule na wageni wanabisha hodi. Krimu nzito, rangi ya pichi, rangi ya chungwa hafifu: zote zinaongezewa joto juu ya joto, na chumba kinaonekana kidogo na kizito. Ukuta wenye kijani kilichochanganyika na kijivu, kama jani la mkaratusi, au mweupe usio na chembe ya manjano, hupokea mwanga huohuo na kutulia. Yule mama wa krimu ya Jumamosi, kama sebule yake ingetazama mashariki, huenda angeipenda ileile krimu hadi leo.

Kisha kuna Julai. Wakazi wa Kiambu wanaijua: mawingu yanatanda angani siku baada ya siku, na mwanga unaingia ndani bila kivuli, wa kijivu kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika miaka ya karibuni kijivu kimekuwa rangi ya fahari ya nyumba mpya, hasa kwa sababu ya picha za mitandaoni zilizopigwa kwenye nyumba zenye madirisha makubwa na taa nyingi. Kwenye sebule ya Thika yenye dirisha moja, kijivu chenye ubuluu kinapendeza Januari. Julai kinaifanya nyumba ionekane kama ina huzuni. Anayekitaka kweli aagize kijivu kilichotiwa tone la kahawia au manjano. Kwenye kadi tofauti haionekani sana, lakini ukutani, mwezi wa saba, inaonekana.

Na mwanga hautoki juu tu. Udongo mwekundu wa Thika unarudisha mwanga wake kupitia dirishani hadi kwenye dari. Uwanja usio na kabro wala nyasi, jua la saa tano, dari nyeupe: dari hiyo itakuwa na wekundu hafifu kama wa waridi. Uwanja wenye nyasi na migomba utatia ukijani. Kabro ya kijivu haiongezi kitu. Yeyote akitaka kuliona hili ashike karatasi nyeupe karibu na dirisha, aelekeze upande wake mmoja chini, uwanjani, na mwingine juu, angani. Karatasi ni moja, lakini pande hizo mbili hazitafanana.

Mji jirani wa Ruiru una kisa chake. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini humo. Ya 2019 ikapata 490,120. Katikati ya sensa hizo mbili barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, na mashamba yaliyokuwa ya kahawa na ya ng'ombe yakaota magorofa ya kupangisha. Kimbo, Kihunguro na Githurai zina majengo yaliyokaribiana kiasi kwamba dirisha la jikoni linatazama dirisha la jikoni la jirani. Katika nyumba kama hiyo, mbingu haionekani. Mwanga wote unaoingia umegonga ukuta wa jirani kwanza.

Hapo jirani amemchagulia mpangaji rangi bila kujua. Jengo la pili likipakwa rangi ya tofali, vyumba vyote vinavyolitazama vinapata mwanga wa rangi ya tofali. Mpangaji anapaka nyeupe na kushangaa kwa nini chumba kina upinki, ananunua nyeupe nyingine, upinki unabaki. Dawa ni kupaka rangi inayovuta upande wa pili: nyeupe iliyotiwa ukijani kidogo mno, usioonekana kama kijani, ambayo inautuliza ule wekundu. Jengo la jirani likiwa ni mawe matupu ya kijivu ya Ndarugu, yasiyopigwa plasta, kama yalivyo mengi, mwanga ni wa kijivu, na hapo krimu ya kawaida ya nyumba za kupangisha, ile ambayo wengi huiona ya kuchosha, inafanya kazi nzuri ajabu.

Watu wa pwani walikutana na tatizo hili karne nyingi kabla ya Ruiru kuwa mji. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, chini kidogo ya mita 3. Vichochoro ni vyembamba pia, na kuta za nje zina madirisha machache. Mwanga ulitoka kwenye ua wa ndani, kisha ukalazimika kusafiri chumba baada ya chumba hadi ndani kabisa. Mafundi walizipaka kuta chokaa ya matumbawe, nyeupe, kila chumba, ili kila ukuta uusukume mwanga kwa ukuta unaofuata. Anayeishi katika bedsita yenye dirisha moja mwisho wa kolido anaweza kuwaiga: nyeupe kwenye dari na kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, na rangi anayoipenda kwenye ukuta ambao dirisha lenyewe limo, kwa sababu huo haupigwi na mwanga wa moja kwa moja na hurudisha kidogo tu.

Nguvu hiyo ya kurudisha mwanga hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 100, na kuna watengenezaji wanaoiandika kwenye kadi zao. Nyeupe nzuri huzidi 80. Damu ya mzee au buluu ya usiku mara nyingi haifiki 10. Chumba kilichopakwa damu ya mzee pande zote kinahitaji taa mchana, na bili ya umeme ni sehemu ya gharama ya rangi hiyo ingawa haikuandikwa kwenye risiti ya hadiwea.

Weupe wenyewe una historia iliyopita karibu na nyumbani. Zamani rangi nyeupe ya mafuta ilitengenezwa kwa madini ya risasi, yenye sumu. Katika karne ya 20 nafasi yake ikachukuliwa na oksaidi ya titani, unga mweupe kabisa unaofunika ukuta vizuri. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zinazouza malighafi yake: kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Kwale, shehena ya kwanza ikasafirishwa kutoka Likoni, Mombasa, mwezi Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Unga huo ni ghali, na ni sehemu kubwa ya tofauti kati ya mkebe wa bei ya juu na ule wa bei rahisi. Kwenye rangi ya bei rahisi sehemu yake hupunguzwa na kujazwa chokaa ya kusagwa. Ukuta unapakwa mara mbili, mara tatu, na alama za kale bado zinachungulia. Mwenye kuhesabu mikebe yote mwishoni anaweza kukuta hakuokoa kitu.

Upande wa pili wa rangi ni udongo. Kinachoufanya udongo wa Thika uwe mwekundu ni oksaidi ya chuma, na oksaidi ya chuma hiyohiyo ndiyo iliyotiwa kwenye saruji za sakafu nyekundu za nyumba nyingi za zamani, na ndiyo inayotoa rangi za tofali, kahawia na manjano ya udongo kwenye mikebe. Haichujuki. Jua la nyanda za juu ni kali, na rangi nyekundu au ya waridi iliyotengenezwa kwa kemikali dhaifu hufifia kwenye ukuta unaopigwa nalo kila siku. Rangi ya udongo hudumu. Anayetaka joto kwenye ukuta wa jua ana sababu nzuri ya kuchagua rangi ambayo tayari iko chini ya miguu yake.

Vumbi la udongo huo, na tope lake wakati wa mvua za Machi hadi Mei, ndiyo sababu ya desturi iliyodharauliwa bila haki. Shule, zahanati na nyumba za wafanyakazi wa serikali zilipakwa nusu ya chini kwa rangi ya mafuta, mara nyingi kijani au kahawia, na nusu ya juu krimu. Vijana wanaona ni sura ya ofisi ya chifu. Lakini sehemu ya chini ya ukuta ndiyo inayopigwa na viatu, viti, mikono ya watoto na mopu ya deki yenye maji mekundu, na rangi inayong'aa ndiyo inayofutika kwa kitambaa. Kolido ya nyumba yenye watoto, iliyopakwa hadi mita moja na kidogo kwa rangi inayofutika, tuseme kijani kilichokolea na juu yake nyeupe ya maziwa, ni nadhifu na haichakai. Desturi hiyo inastahili kurudishwa.

Mng'ao una bei yake, hata hivyo. Plasta ambayo haikupigwa skimu vizuri ina mawimbi, na rangi inayong'aa huyaonyesha yote, hasa kwenye ukuta unaopigwa na jua lililolala la asubuhi au jioni. Rangi isiyong'aa huyaficha. Kwa sebule ya magharibi yenye plasta ya haraka, isiyong'aa ni ulinzi. Nyumba mpya za Ruiru zina shida ya ziada: saruji mbichi. Plasta hutakiwa kukaa takriban siku 28 kabla ya kupakwa, kwa sababu bado ina maji na chumvi kali zinazokula rangi na kuiachia mabaka. Mwenye jengo anayewahi kodi ya mwezi wa kwanza hasubiri, na mpangaji wa kwanza hulaumu rangi.

Usiku, dirisha linastaafu na balbu inachukua zamu. Maboksi ya balbu za LED yana namba ambayo wanunuzi wengi huiruka: 3000 au 6500, ikifuatwa na herufi K. Ya 3000 ina umanjano kama wa taa za zamani. Ya 6500 ni nyeupe yenye ubuluu, na ndiyo iliyojaa madukani. Chini ya 6500, krimu hupauka na kijani hupoa. Chini ya 3000, krimu ileile huiva. Familia inayotoka alfajiri na kurudi usiku, na ziko nyingi katika miji hii inayolisha Nairobi wafanyakazi, huiona sebule yake kwa balbu siku tano kati ya saba. Kwao balbu ichaguliwe kwanza. Kubadilisha balbu ni kazi ya dakika moja, na mara nyingine inaondoa haja ya kupaka upya.

Njia ya kujaribu haina ufundi mkubwa. Inunuliwe lita moja tu. Ikatwe katoni kubwa, ipakwe nyeupe kwanza, ikauke, kisha ipakwe rangi mara mbili na kuachwa hadi kesho, kwa maana rangi ya maji hukolea inapokauka. Iegemezwe kwenye ukuta ulio mbali na dirisha asubuhi, ihamishwe, itazamwe jioni, itazamwe usiku balbu ikiwaka. Isiwekwe katikati ya ukuta wa rangi ya zamani bila mpaka mweupe, kwa sababu jicho hulinganisha: krimu kando ya samawati huonekana ya manjano kuliko ilivyo. Na mtu akumbuke kwamba kuta nne zinatupiana rangi. Kinachoonekana hafifu kwenye katoni kitakolea kikizunguka chumba kizima, ndiyo maana mafundi wazoefu humshauri mteja achague iliyo hafifu zaidi kwa ngazi moja kwenye kadi.

Kuna rangi ambazo macho huja nazo kutoka barabarani. Kenya imezoea kusoma rangi: chungwa ilipata maana mpya kwenye kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 na ikabaki na chama cha ODM, nyekundu ilikuwa ya TNA mwaka 2013 na baadaye Jubilee, manjano ikawa ya UDA mwaka 2022. Maduka hupakwa kijani cha Safaricom au nyekundu ya Airtel kuanzia mlangoni hadi kwenye paa. Mgeni akiingia kwenye sebule yenye ukuta wa manjano makali anaweza kuukumbuka mkutano wa kampeni kabla ya kuliona kochi. Kupunguza ukali kidogo, kutoka manjano ya bango hadi manjano ya udongo, kunairudisha rangi kwa mwenyewe.

Kwa rangi kali za mafuta kuna jambo zito zaidi. Manjano, nyekundu na chungwa zinazong'aa ndizo ambazo kihistoria zilitengenezwa kwa chumvi za risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, limekuwa likizihimiza serikali kuweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Mlango au kitanda cha mtoto kisipakwe kwa mkebe usio na lebo inayosema wazi kwamba hauna risasi. Na rangi ya zamani inayobanduka kwenye nyumba za miaka mingi isipigwe msasa mkavu ndani, watoto wakiwepo: ilowekwe maji, ikwanguliwe, uchafu ufungwe na kutolewa.

Mpangaji naye ana hesabu yake mwenyewe. Mikataba mingi humtaka aache nyumba imepakwa rangi ileile aliyoikuta, la sivyo dipoziti inakatwa. Rangi nyepesi hufunikwa na krimu kwa kupaka mara mbili. Damu ya mzee, buluu ya usiku na nyekundu zinadai andakoti kwanza, kisha mara mbili au tatu. Ukuta mmoja uliokolea basi ni uamuzi wa pesa pia, na ni vyema uwe ule mfupi kuliko yote, nyuma ya kitanda au televisheni.

Kiasi cha kununua kinapigika kwa kalamu. Chumba cha futi 10 kwa 12, chenye kuta za mita 2.7, kina kama mita 32 za mraba ukiondoa mlango na dirisha. Kupaka mara mbili ni 64. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika takriban mita 10 za mraba, hivyo zinahitajika lita 6 na nusu: mikebe miwili ya lita 4. Inunuliwe siku moja, imwagwe yote kwenye ndoo moja na kukorogwa kabla ya rola kuguswa, kwa kuwa mikebe miwili ya namba ileile inaweza kutofautiana kidogo. Stika ya mashine, yenye namba ya rangi na vipimo vya matone, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Lita moja na nusu itakayobaki ihamishiwe kwenye chupa safi iliyojaa hadi shingoni, ifungwe, iwekwe mbali na watoto. Itahitajika ukuta utakapokwaruzwa na kochi.